Chupa sita

Leo ni siku ya tano tangu turudi kutoka Mvumi, na bado namsikia Mama Yohana akiniuliza zile chupa sita zililala wapi. Katika siku hizo tano wakaguzi wa nje wamemaliza kazi na kuondoka, Neema amepata barua ya ajira aliyoisubiri tangu mwaka juzi, na gari limetengenezwa kwa bei ambayo sitaki kuiandika hapa. Yote hayo yamepita pembeni yangu, nami nimebaki na chupa.

Ilikuwa jioni ya kumaliza matanga ya baba mdogo. Wanawake tulikuwa tumekaa uani tukimenya karanga, umeme ukakatika, na kijana mmoja akawasha tochi ya simu akaiegemeza kwenye ndoo. Mama Yohana aliitazama, akacheka, akasema kwamba wakati ule wa vita mtu hakuweza kupotea usiku, kwa sababu taa ya kwa balozi ilikuwa haizimwi mapema kama za wengine. Balozi wa nyumba kumi, kama mnavyojua, alikuwa baba yangu. Nikamjibu kwa sauti niliyodhani ni ya heshima: "Baba alijua kubana matumizi, mama." Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Debe lina chupa 36, mwanangu. Nyumba 10, kila nyumba chupa 3. Hizo 6 zililala wapi?" Kisha akamwomba mkwe wake amsogezee chumvi.

Angeuliza kwa hasira ningepata la kujibu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua iwapo mbuzi aliyepotea juzi amekwisha kuonekana.

Neema hujidai kwamba hasomi ninayoandika, kwa hiyo maelezo haya ni kwa ajili yake. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akatangaza tarehe 2 Novemba kwamba tutapigana, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Sisi wa Ugogoni hatukusikia mzinga hata mmoja. Vita tuliviona kwenye malori, kwa maana yale yaliyokuwa yakileta bidhaa yalichukuliwa kubeba askari na vifaa vyao. Mwaka huohuo bei ya mafuta ilipanda duniani kote baada ya mapinduzi ya Irani. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, lakini kwetu mkanda ulikuwa bado kwenye tundu la mwisho nilipomaliza darasa la saba mwaka 1982. Sukari, sabuni na mafuta ya taa vilipatikana kwa mgao, na debe la mafuta likifika duka la kijiji, baba alilifunga kwenye baiskeli na kulileta nyumbani ligawanywe.

Watoto walipanga mstari na chupa za bia zilizozibwa kwa magunzi ya mahindi, na mimi ndiye niliyeshika faneli. Baba alimimina hadi shingoni, wala si hadi begani kama alivyosemekana kufanya balozi wa ng'ambo ya korongo, na akingoja tone la mwisho lidondoke kabla hajaita nyumba nyingine. Nyumba ya bibi mmoja aliyeishi peke yake ilipata chupa 3, na ya Mama Yohana, iliyokuwa na watoto sita, ilipata chupa 3. Alipoulizwa, baba alisema taa haihesabu watu, inahesabu chumba. Nimeirudia kauli hiyo kwenye semina za kazini kwa miaka mingi kama mfano wa ugawaji wa haki, jambo ambalo wiki hii linanitia aibu kidogo.

Maana hesabu imekataa kubadilika. Debe la galoni 4 ni lita 18 na kidogo, na chupa ile ni nusu lita. Nimekokotoa mara nne, mara ya mwisho kwa kikokotoo cha ofisini, na Mama Yohana hajakosea. Mimi ninayelipwa kutafuta masalio katika vitabu vya watu wengine nilishika faneli miaka yote ile bila kujiuliza debe lilibaki na nini.

Jana usiku nikampigia mama. Nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye swali, nikauliza habari za mguu, za kuku, za mvua, hadi akaniambia niseme ninachotaka kusema. Nikasema. Akacheka mpaka akakohoa.

"Moja ilimwagika na kunywewa na magunzi," alisema. "Mbili zilikuwa za mkunga, maana watoto hawakungoja kupambazuke. Moja ilikwenda kwa wale ambao kijana wao alikuwa vitani."

"Zimebaki mbili, mama."

"Mbili ulizisoma wewe."

Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayetaja ng'ombe aliowahi kuwa nao, na kwa muda nilijawa na furaha ambayo sikuitarajia: nilimwona baba akikata utambi wa koroboi kwa wembe ili moshi usinisumbue, akakaa kwenye kigoda karibu nami, akisinzia, akikataa kwenda kulala kabla sijafunga daftari. Nilikuwa nimemkumbuka kama mtu wa haki. Nilikuwa nimesahau kwamba alinipenda.

Furaha ile haikufika asubuhi. Yohana tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na katika hesabu za kichwa alinishinda kila wiki. Hakuchaguliwa. Siwezi kusema ni kwa sababu ya chupa, kwani kulikuwa na mengine, njaa ikiwemo, na ng'ombe alizochunga kuanzia alfajiri. Lakini mgao wa mkunga ulijulikana kijiji kizima, na wa nyumba yenye askari pia. Zile mbili pekee hazikutajwa mbele ya mstari wa watoto. Ofisini ningeandika hoja ya ukaguzi ya aya moja na kuomba viambatisho.

Nimenunua taa ya sola kwa ajili ya Mama Yohana. Ipo kwenye buti la gari tangu saa nne asubuhi, na sijamwagiza mtu yeyote aipeleke, kwa sababu kila ninavyoipanga sentensi ya kumkabidhi inasikika kama malipo, na yeye hakudai. Aliuliza tu. Pengine anachostahili ni jibu, na jibu lenyewe nitalitoaje mbele ya Yohana, ambaye ndiye atakayenifungulia lango?

Mzabibu wa karibu na uzio umeanza kuota ubwiri unga kwenye majani ya chini, na yule kijana wa kupulizia dawa hapokei simu tangu Jumanne.