Jasho na kuishiwa pumzi katika umri wa makamo: nilivyotafuta chanzo

Mwanamke aliyevuka miaka 40 akisema anatokwa jasho bila sababu, kila mtu ana jibu tayari: hedhi inakaribia kukoma, zoea tu. Kwa upande wa jasho, mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Kwa upande wa pumzi halitoshi, na mimi nililikataa hadi damu na moyo vilipopimwa. Kwangu mambo hayo mawili yalikuja pamoja, yakionekana ugonjwa mmoja, kumbe yalikuwa na vyanzo viwili. Kazi kubwa ilikuwa kuyatenganisha.

Zipo hali ambazo hazingoji uchunguzi wa taratibu. Jasho la baridi pamoja na kubanwa kifua, au maumivu ya taya, shingo, mkono au mgongo wa juu, au kichefuchefu na kulegea kwa ghafla, linaweza kuwa shambulio la moyo. Kwa wanawake maumivu ya kifua yanaweza kuwa hafifu au yasiwepo kabisa, yakabaki jasho, kuishiwa pumzi na uchovu. Pumzi inayokatika ghafla huku mguu mmoja umevimba na kuuma, au ukikohoa damu, hasa baada ya upasuaji, safari ndefu ya kukaa au kulazwa kitandani, inaashiria bonge la damu lililofika kwenye mapafu. Vivyo hivyo kuzimia, midomo kugeuka rangi, au kushindwa kumaliza sentensi kwa kuhema. Hapo ni idara ya dharura saa hiyohiyo, tena mtu mwingine akupeleke.

Nje ya hayo, nilianza na daftari. Kila tukio liliandikwa saa yake, nilichokuwa nikifanya, jasho lilianzia wapi mwilini, lilidumu dakika ngapi, pumzi ilikuwaje, mapigo ya moyo, siku ya hedhi, na dawa au kahawa niliyotumia kabla yake. Mapigo yahesabiwe kwa dakika nzima, vidole viwili vikiwa kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4, mapigo yanayoruka au kwenda ovyo yanaweza kukupita bila kuyatambua, na hayo ndiyo daktari anayataka kuyajua. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Pima pia joto la mwili wakati jasho linatoka: joto la ghafla la kukoma hedhi linaunguza ngozi lakini halileti homa. Ukikuta nyuzi 38 au zaidi, tafuta maambukizi.

Kukoma hedhi kuna sura yake. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, moyo unaenda mbio, jasho linatoka, kisha unabaki na baridi. Kwa kawaida linadumu dakika 1 hadi 5. Linakuja ukiwa umekaa au umelala, ndani ya chumba chenye joto, baada ya kinywaji cha moto au pombe. Wakati linapita unaweza kuhisi hewa haitoshi, lakini likiisha unapanda kilima kama kawaida. Pumzi inayoisha ukipanda ngazi au ukibeba mzigo, inayozidi kadiri unavyojitahidi na kutulia ukisimama, ni suala la damu, moyo au mapafu. Daftari langu lilionyesha hivyo waziwazi: jasho lilijaa safu za usiku na za kukaa, pumzi ilijaa safu za ngazi, na baada ya ngazi mapigo yalichukua muda mrefu kushuka. Safu hizo mbili hazikukutana karibu popote. Ukurasa huo ndio niliompa daktari, na ulisaidia kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Kuna jambo linalosahaulika sana hapa, na ndilo lililonifanya niandike. Miaka ya kuelekea kukoma hedhi, mayai hayapevuki kila mwezi. Mwezi ambao yai halikupevuka, homoni ya projesteroni haitolewi ya kutosha, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kukua kwa homoni ya estrojeni peke yake, na ukibomoka damu hutoka nyingi na kwa siku nyingi. Kwa hiyo msimu uleule unaoleta joto na jasho ndio unaomaliza madini ya chuma mwilini. Mwanamke anaambiwa yote ni umri, naye anapungukiwa damu mwezi hadi mwezi. Hedhi ni nzito ikiwa unabadilisha pedi kila saa 1 au 2, unaamka usiku kubadilisha, unatoa mabonge makubwa kuliko sentimita 2.5, au damu inazidi siku 7. Uvimbe wa fibroidi, ule usio saratani unaoota kwenye mfuko wa uzazi, nao hufanya vivyo hivyo. Wengi wetu tumezoea hedhi nzito tangu ujana tukaiona ya kawaida, kwa hiyo daktari akiuliza usijibu "kawaida". Taja idadi ya pedi.

Vipimo nilivyoomba vilikuwa vya kawaida. Kwanza picha kamili ya damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, ikiwa chini ya 12 g/dl ni upungufu wa damu. Lakini usiishie hapo. Omba na feritini, yaani akiba ya chuma: ikiwa chini ya 30 ng/ml, akiba imekwisha au inakaribia kwisha hata kama himoglobini bado inaonekana nzuri, na uchovu unaweza kuanza kabla himoglobini haijashuka. Feritini hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, kwa hiyo namba nzuri siku una homa haikuthibitishii kitu.

Cha pili ni TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi hufanana mno na kukoma hedhi: jasho, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, hedhi kuvurugika. Tofauti yake ni kwamba joto halina vipindi, lipo mchana kutwa; mikono inatetemeka ukiinyoosha; uzito unapungua ingawa unakula vizuri; choo kinakuwa cha mara kwa mara. Tezi ikizidisha kazi TSH hushuka; ikishuka, hupimwa T4, homoni ya tezi yenyewe. Angalizo la muhimu: vidonge vya nywele na kucha huwa na biotini nyingi, na biotini inaweza kuvuruga mashine za maabara hadi tezi yenye afya ionekane mgonjwa. Viache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na ukivitumia kwa kipimo kikubwa sana mwulize daktari kama usubiri zaidi.

Sukari ipimwe pia, na anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi aipime jasho likiwa linatoka. Chini ya 4 mmol/l, takriban 70 mg/dl, ni sukari iliyoshuka: chukua gramu 15 za sukari ya haraka, pima tena baada ya dakika 15. Kipimo cha ujauzito nacho kisipuuzwe, kwa sababu hedhi kupotea miezi michache hakumaanishi uzazi umefungwa.

Kwa moyo, ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ndiyo ya kuanzia, lakini ikiwa safi ukiwa umelala haimalizi maswali. Mapigo yanayovurugika kwa vipindi yanaweza kuhitaji mashine ya kuvaa saa 24 au zaidi. Miguu ikivimba jioni, ukihitaji mito kadhaa ili upate pumzi usiku, au ukishtuka usingizini ukitafuta hewa, omba ultrasaundi ya moyo. Presha ipimwe baada ya kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, na mkanda unaotosha mkono wako, kwa kuwa mkanda mdogo huongeza namba. Kidude cha kupima oksijeni kidoleni kinadanganywa na rangi ya kucha na kidole baridi, na kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Kikisema 96 na wewe unahema, amini pumzi yako.

Jasho la usiku linalolowesha nguo na shuka hadi ubadilishe, pamoja na kupungua uzito, tezi zilizovimba au kikohozi cha wiki 2 na zaidi, linadai uchunguzi wa kifua kikuu, VVU na saratani ya tezi za limfu. Anayekoroma na kuamka amechoka achunguzwe kukatika pumzi usingizini, tatizo linaloongezeka baada ya hedhi kukoma. Kichwa kuuma sana, moyo kwenda mbio na jasho, vyote kwa vipindi huku presha imeruka, ni dalili za uvimbe adimu wa tezi iliyo juu ya figo. Kuna kipimo chake cha damu au mkojo. Usisahau dawa: za sonona kama venlafaksini na setralini, tramadoli ya maumivu, steroidi, tamoksifeni ya saratani ya matiti, na vidonge vya tezi vilivyozidi dozi, vyote huleta jasho. Usiziache ghafla, peleka orodha yake.

Na hofu? Shambulio la hofu lipo, hufikia kilele ndani ya dakika chache, huleta ganzi midomoni na vidoleni, na linatibika. Ila jina hilo lipewe baada ya vipimo, si kabla. Ninalisisitiza kwa sababu wanawake wengi wamerudishwa nyumbani na neno "mawazo" huku himoglobini yao haijapimwa hata mara moja.

Kipimo nilichoambiwa sikihitaji ni cha homoni. Kwa mwanamke aliyezidi miaka 45 mwenye dalili za wazi, FSH, homoni inayoamuru mayai kukua, haiongezi kitu, maana inapanda na kushuka wiki hadi wiki. Chini ya miaka 40 ni kinyume: hapo FSH inahitajika.

Majibu yangu yalikuwa chuma pungufu, tezi na moyo vyenye afya. Kwa chuma nilipewa vidonge vya ferasi salfeti vya miligramu 200, ambavyo kila kimoja kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Kimoja kwa siku kinatosha, au siku moja ndiyo, moja hapana kama tumbo linasumbuka. Kumeza vitatu kwa siku huongeza kichefuchefu kuliko kuongeza damu. Vimezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu ukiweza kuvumilia. Chai, kahawa, maziwa na dawa za kiungulia hukizuia chuma kisiingie, hivyo viache saa 1 kabla na 2 baada. Vidonge vya tezi vitenganishwe navyo kwa saa 4. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni la kawaida. Rudia kipimo baada ya wiki 3 au 4: himoglobini ikipanda kwa karibu 2 g/dl, dawa inafanya kazi. Isipopanda, ama hazimezwi vizuri, ama damu bado inavuja, ama tumbo halifyonzi. Kosa linaloturudisha nyuma wengi ni kuacha vidonge pumzi ikirudi tu. Endelea miezi 3 baada ya himoglobini kuwa sawa, ili akiba ijae.

Chuma bila kuzuia uvujaji ni kazi bure. Ultrasaundi ya nyonga hutafuta fibroidi, na kwa aliyezidi miaka 45 mwenye damu nzito au isiyo na mpangilio, sampuli ya ukuta wa mfuko wa uzazi huchukuliwa ili kuondoa shaka ya saratani. Mimi nilichagua kitanzi chenye homoni, kinachopunguza damu sana. Mwenye kutaka vidonge anaweza kupewa asidi ya traneksamiki kwa siku za damu tu, mradi hana historia ya damu kuganda.

Jasho lilishughulikiwa mwisho, pumzi ikiwa imetulia. Estrojeni ndiyo dawa yenye nguvu zaidi, na mwenye mfuko wa uzazi lazima apate projesteroni pamoja nayo. Kitanzi kile kilinifaa kwa kazi hiyo pia. Kiraka cha kubandika ngozini hakiongezi hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyoweza kuiongeza. Aliyepata saratani ya matiti, kiharusi au bonge la damu, au anayevuja damu isiyojulikana chanzo, asianze hadi azungumze na bingwa. Badala yake ipo venlafaksini ya dozi ndogo, gabapentini kwa jasho la usiku, au fezolinetanti, inayohitaji ini lipimwe kabla na wakati wa matumizi. Anayetumia tamoksifeni aepuke paroksetini na fluoksetini, kwani hudhoofisha tamoksifeni.

Matone ya damu katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza ya homoni ni ya kutarajia. Yakiendelea baada ya hapo, au ukiona damu yoyote, hata tone moja, baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, omba miadi wiki hiyohiyo.