Kujifungua na kuzalishwa

Kiswahili kina vitenzi viwili kwa tukio moja: mwanamke hujifungua, na hapo kazi ni yake mwenyewe, au huzalishwa, na hapo kazi ni ya mwingine. Tangu siku nilipolazwa chali kwa ajili ya mtoto wangu wa kwanza, miguu ikiwa imeinuliwa, nimekuwa nikijiuliza ni lini kitenzi cha pili kilianza kukizidi nguvu cha kwanza. Nilidhani uzazi uliingia mikononi mwa madaktari kwa sababu mikono yao ilikuwa salama zaidi. Kumbe waliutwaa kwanza, na usalama ukaja baadaye sana.

Huko Ulaya, kwa karne nyingi chumba cha uzazi kilikuwa cha wakunga, na mpasuaji aliitwa pale tu mambo yalipoharibika, mara nyingi ili kumtoa mtoto aliyekwisha kufa. Kilichobadilisha hali hiyo ni chuma. Ukoo wa Chamberlen, wapasuaji waliofanya kazi Uingereza, ulibuni koleo la kumvuta mtoto akiwa hai, ukalificha kama siri ya familia kwa zaidi ya miaka 100 huku wanawake wengine wakifa kwa kukosa kifaa hicho hicho. Koleo lilipojulikana hadharani katika karne ya 18, matumizi yake yalihesabiwa kuwa haki ya wapasuaji, nao walikuwa wanaume. Mkunga akabaki na uzazi ule usio na matatizo, tena kwa muda tu.

Kisa kinachonishangaza zaidi ni cha hospitali kuu ya Vienna, Austria. Katika miaka ya 1840 ilikuwa na wodi mbili za uzazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga wanafunzi. Katika wodi ya madaktari, takriban mama 1 kati ya 10 alikufa, wengi wao kwa homa ya uzazi, ilhali katika ile ya wakunga vifo havikufika hata nusu ya hivyo, na wajawazito walisihi wasipelekwe upande wa madaktari. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis, daktari wa hospitali hiyo, alitambua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwapima akina mama, akaagiza wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini, na vifo vikashuka upesi. Wenzake wengi walimkataa. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Hata hivyo sitaki kuisimulia habari hii kama ya wizi mtupu, maana wanawake wenyewe waliifuata tiba. Malkia Victoria wa Uingereza alivuta klorofomu alipojifungua mwaka 1853, na mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake wa Marekani walifanya kampeni ili wapewe dawa zilizofuta kumbukumbu ya uchungu. (Zilifuta kumbukumbu, si uchungu wenyewe, na baadhi ya wanawake hao walifungwa kitandani wasijiumize.) Mwaka 1900 chini ya asilimia 5 ya wanawake wa nchi hiyo walijifungulia hospitalini, na kufikia miaka ya 1960 ni karibu wote. Lakini vifo vya akina mama wakati wa uzazi havikuanza kupungua kwa kasi hadi katikati ya miaka ya 1930, zilipopatikana dawa za salfa za kupambana na bakteria, kisha penisilini na utaratibu bora wa kuongeza damu. Hizo ndizo nazishukuru, pamoja na upasuaji unaofanywa pale unapohitajika.

Saa ya ukutani ni jambo jingine. Katika miaka ya 1950 daktari Emanuel Friedman alichora mwendo wa uchungu wa wanawake takriban 500, na kutokana na kazi hiyo kufunguka kwa mlango wa kizazi sentimita 1 kwa saa kukageuka kuwa sheria ambayo mwili wa kila mwanamke ulitakiwa kuitii. Ni mwaka 2018 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotamka wazi kwamba kasi hiyo ni kubwa mno kwa baadhi ya wanawake, na kwamba haitoshi peke yake kuwa sababu ya kuingilia kati.

Wakati wa mtoto wangu wa pili, mkunga aliniuliza ningependa kukaa vipi. Nilinyamaza kidogo, kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni swali la kuulizwa mimi.