Albamu ya picha kwa siku ya kuzaliwa ya mwenzi wako

Keki huliwa ikaisha jioni ileile. Albamu ya picha za familia hubaki, na ndiyo zawadi ninayoipendekeza kwa mke au mume. Picha 24 zinatosha: mkipunga upepo Coco Beach, mkivuka na pantoni kwenda Kigamboni, mtoto kalala kifuani kwa baba yake. Yenye kicheko cha kweli iwe mbele, hata kama imepigwa upande.

Kinachoharibu kazi ni ubora. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na ikichapwa hutoka na ukungu. Mwombe shangazi au wifi aliyeipiga aitume kama faili. Kwa sentimita 10 kwa 15, tafuta pikseli (nukta zinazounda picha) 1200 kwa 1800 hivi.

Tarehe na mahali viandike kwenye ukurasa wa albamu, si nyuma ya picha. Kalamu ikikandamizwa huacha alama mbele. Gundi ya maji hukunja karatasi, tumia kona za kubandika, vile vipembe vinavyoshika ncha za picha. Na ukitaka kutundika moja ukutani, kwa unyevu wa Dar picha iliyogusana na kioo cha fremu hugandia, kwa hiyo itenge kwa ukingo wa kadibodi. Peleka studio siku tatu kabla, umeme ukikatika usikwame.