Nyumbani kwa Calpurnia

Jana usiku nimemaliza kusoma tena To Kill a Mockingbird, riwaya ya Mmarekani Harper Lee ya mwaka 1960. Nilipoisoma nikiwa kidato cha tano, kilichonishika kilikuwa kesi ya Tom Robinson, mwanamume Mweusi aliyesingiziwa kumbaka msichana wa Kizungu. Mkono wa kushoto wa Tom ni mlemavu tangu utotoni, ulinaswa na mashine ya kuchambulia pamba, na msichana amepigwa upande wa kulia wa uso, yaani yaelekea na mtu wa mkono wa kushoto. Hata watoto waliokaa roshani ya Weusi mahakamani wanaona hana kosa. Anatiwa hatiani hata hivyo.

Safari hii nimeganda sura ya 12. Calpurnia, mpishi Mweusi anayemlea Scout, msichana mdogo anayetusimulia, na kaka yake Jem, anawapeleka kanisani kwao. Vitabu vya nyimbo hamna, kwa sababu wanaojua kusoma ni kama wanne tu. Zeebo, mwanawe Calpurnia, anasoma mstari, waumini wanauimba, anasoma mwingine. Scout anashangaa kumsikia mlezi wake akiongea na wenzake lugha nyingine kabisa. Kumbe ana maisha nje ya jiko letu! Anamwomba aje kumtembelea kwake, na Calpurnia anamkaribisha siku yoyote.

Sura mbili baadaye Scout anamweleza baba yake. Shangazi Alexandra anakatiza: hapana. Scout anamjibu kwa ukali, na Atticus, baba yake, wakili wa Tom tunayempenda sote kwa kusimamia haki, anamwamuru kwanza amwombe shangazi radhi. Basi. Mpaka kitabu kinaisha, Scout haendi. Na kwa kuwa tunatazama kwa macho yake, nasi hatujui nyumba ya Calpurnia ikoje ndani, wala humo anakula na nani.

Nililelewa na dada wa kazi kwa miaka sita. Alabama ya miaka ya 1930, huko kusini mwa Marekani anakoishi Scout, yenye sheria za ubaguzi wa rangi, siilinganishi na nyumba yetu Tabata. Lakini nilimwomba dada anichukue likizo kwao Kondoa, akasema, "Utakuja tu, mdogo wangu." Mama akasema huko kuna malaria. Sikuenda.

Asubuhi nimempigia mama. Baada ya shikamoo nikamuuliza jina la ukoo la dada. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema labda mama mdogo analikumbuka.