Mbwa wetu alivyomwagikiwa mafuta ya moto na tulivyomwokoa

Karai la maandazi lilipinduka uani kwetu Makorora, Tanga, mafuta yakammwagikia Popi mgongoni. Alilia kilio ambacho sitaki kukisikia tena.

Kwanza kinywa. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda, hivyo mke wangu alimfunga kwa kipande cha kanga, pua akaiacha wazi. (Anayetapika au kuhema kwa shida hafungwi.) Kisha maji ya bomba, si ya barafu, yakitiririka taratibu juu ya jeraha kwa dakika 20. Wengi huacha mapema mno. Mafuta hung'ang'ania kwenye manyoya na ngozi huendelea kuungua chini yake. Jirani akaja mbio na dawa ya meno. "Asante sana mama, lakini hapana," nikamwambia. Panadol nayo nilikataa: dawa za maumivu za binadamu zinaweza kumuua mbwa, diklofenaki ikiwemo.

Tukamfunika kwa shuka safi lenye unyevu, tukamlaza kwenye ubao, bajaji moja kwa moja hadi kwa daktari wa mifugo. Akamnyoa, akamtundikia dripu, akamchoma sindano ya maumivu. Alituonya kwamba chini ya manyoya ukubwa wa jeraha huchelewa kujionyesha, na kweli, ngozi iliyoonekana nzima ilibabuka siku zilizofuata. Tulimwosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, tukamvalisha fulana yangu kuukuu asijilambe. Sasa manyoya yanaota pembeni mwa kovu, na jiko tumelizungushia uzio.