Maharage ya Uyole
Jumapili maharage yalinitoa jasho. Niliyabandika saa nne asubuhi (kuyaloweka nilisahau, nakiri), saa saba ukiyabonyeza bado yanabisha. Dada yangu wa Dar, aliyekuja kututembelea hapa Uyole, akasema mkaa wetu mbovu. Mkaa hauna kosa, dada. Huku Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama kwenu Kariakoo. Ukichochea moto, yatatokota kwa fujo na kukauka upesi, lakini joto lake halipandi.

Binti yangu wa kidato cha kwanza akadakia: "Mama, yale mapovu ni hidrojeni na oksijeni zinaachana?" Nikafunua sufuria, nikashika kijiko baridi juu ya mvuke. Matone. Maji yaleyale! Kila molekuli ina atomi mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni, na inapaa ikiwa nzima. Kuivunja kunataka umeme au joto la kutisha, si mkaa wangu wa kupima kwa kopo.

Kinachobadilika kweli ni huo mkaa: kaboni yake inashikana na oksijeni ya hewani, na hairudi tena kuwa mkaa. Dirisha huwa naliacha wazi hata kukiwa na baridi, maana mkaa ukiwaka hutoa pia kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Yaliiva saa tisa. Dada alikula sahani mbili, kimya.