Thelathini na nne

Jana usiku mwanangu alinisukumia daftari lake la hisabati. Jibu sahihi, njia imekosewa, mwalimu kampa nusu ya alama. "Mama, si jibu ni lilelile?" Nikacheka peke yangu, akadhani namcheka yeye.

Nilikuwa nimeikumbuka J/psi, chembe ndogo kuliko atomu niliyoihangaikia nikiwa mwanafunzi wa fizikia. Mnaonifahamu mnajua nilivyokuwa nikiilalamikia kama mke mwenza. Mwaka 2002 watafiti wa Belle, jaribio la kugonganisha chembe kule Tsukuba, Japani, walitangaza kwamba elektroni na positroni (pacha wake mwenye chaji chanya) zikigongana kwa nishati ya GeV 10.58 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), mara chache sana huzaliwa J/psi pamoja na eta-c, mezoni mbili, yaani chembe zinazoundwa na kwaki, vijichembe vya ndani kabisa: kila moja na kwaki ya aina iitwayo chamu na antikwaki yake, pacha wake wa kinyume. Walipima kama femtobani 33, eneo linaloonyesha tukio hilo lina uwezekano kiasi gani. Femtobani moja ni mita za mraba 10 kwa kipeo cha −43, kwa hiyo 33 si kitu. Ila nadharia ilikuwa inatoa chache tu, karibu mara kumi pungufu, na hapo ndipo watu walipokosa usingizi. Mimi, mwanafunzi, nikapewa michoro minne ya Feynman, picha zinazoonyesha njia ambazo tukio linaweza kutokea, niikokotoe upya tangu mwanzo, bila kuchungulia kazi za wengine.

Wiki zikapita, kurasa zikajaa.

Usiku huo kompyuta ikatema 34.

Sikupiga kelele. Niliinuka, nikakaa tena, nikaisoma namba kana kwamba ingebadilika. Thelathini na nne! Wakubwa wote wameshindwa, mimi nimepata. Asubuhi nilimsubiri profesa mlangoni kwake, karatasi kifuani. Akaipokea, na kilichoniudhi ni kwamba hakuitazama namba. Alifunua ukurasa wa pili, wa tatu, kalamu yake ikishuka polepole pembeni mwa mistari, hadi ikasimama. Akaigonga karatasi mara mbili.

"Rangi umeziweka wapi?"

Kwaki huja kwa "rangi" tatu, jina tu la aina ya chaji zao. Mezoni yenyewe haina rangi, kwa hiyo kwa kila mezoni unagawanya kwa kipeuo cha pili cha 3. Mezoni ni mbili: unagawanya kwa 3. Kisha amplitudi, namba inayotoka kwenye michoro, inazidishwa kwa yenyewe ili kupata uwezekano, na ile 3 inakuwa 9. Nilikuwa nimesahau kugawanya kwa mezoni zote mbili. Gawa 34 kwa 9, unapata 3.8, palepale walipokwama wakubwa. Profesa hakunigombeza. Alinirudishia karatasi akauliza kama nimekunywa chai.

Kinachonikera mpaka leo ni hiki: ingetoka 12, ningeikagua mpaka alfajiri. Ilivyotoka 34, nilifunga daftari.

Baadaye wengine walikokotoa ngazi inayofuata, zile gluoni (chembe zinazounganisha kwaki) za ziada tulizokuwa tukiziogopa, na jibu la nadharia likakaribia kuongezeka maradufu. Vipimo navyo vikashuka: Belle wakapata 25.6, na mwaka 2005 BaBar, jaribio kama hilo kule California, wakapata 17.6. Nadharia ikipanda, majaribio yakishuka, wakaanza kusikilizana. Ile 34 yangu ikabaki juu peke yake, haina hata jaribio la kuisindikiza.

Nikamwambia mwanangu kwamba mwalimu yuko sawa. Akanuna, akalala bila kuniaga. Sikumlaumu, mimi nilinuna wiki nzima.